Kifaa Kilichofika Kijijini: Kisa cha Kasa Mmoja kati ya Unguja na Pemba

Kisa hiki kimetoka kwenye faili la mradi mdogo uliokuwa ukiwafuatilia kasa kwa setilaiti kati ya Unguja na Pemba. Jina la mradi, mfadhili, shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar, lililo chini ya sheha) na watu wote vimeondolewa, na maelezo ya mahali yamelegezwa makusudi. Sikuwa kwenye timu. Niliombwa kulisoma faili na kuzungumza na waliohusika mambo yalipotulia. Ninakiandika kwa ajili ya walinzi wa fukwe, maafisa uvuvi, wanafunzi wa sayansi ya bahari, na yeyote anayepanga kumbandika kasa kifaa katika maji ambayo watu wanategea nyavu.

Usuli

Aina tano za kasa huonekana katika maji ya Tanzania: kasa wa kijani, ng'amba, duvi, kigome na noa. Wanaotaga Zanzibar ni wawili wa mwanzo, na fukwe zao zinazotajwa zaidi ni Mnemba upande wa Unguja na Misali upande wa Pemba. Mlinzi wa ufukwe humjua kasa kwa saa chache tu za usiku. Jike hupanda, hutaga mayai mia na ushei, hufukia, hurudi majini. Baada ya wiki mbili hivi hupanda tena, na hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja. Kisha huondoka, na kwa kawaida haonekani tena pale mpaka ipite miaka miwili, mitatu au zaidi. Miaka hiyo anakula wapi, na nyavu za nani ziko karibu naye, mlinzi hana habari.

Kibati cha chuma kinachobanwa kwenye kikono cha mbele husaidia kidogo. Kinaeleza kasa alibanwa wapi na alikamatwa wapi, basi. Njia aliyopita katikati haimo. Ndiyo maana miradi hununua vifaa vya setilaiti, ingawa bei ya kimoja ni maelfu ya dola.

Kifaa hicho hugandishwa juu ya gamba, mbele kidogo, mahali panapotoka majini kasa anapoinuka kuvuta pumzi. Kina swichi inayohisi maji ya chumvi: kikizama hunyamaza, kikitoka hewani hutuma mawimbi. Yanapokewa na setilaiti za mfumo wa Argos, ulioanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani, zinazozunguka dunia kwa kupita karibu na ncha zake, kimo cha mamia ya kilomita. Setilaiti haimwoni kasa. Inasikia masafa ya mawimbi yakipanda inapokaribia na kushuka inapoondoka, kama honi ya gari linalokupita barabarani, na kutokana na badiliko hilo kompyuta hukokotoa mahali alipo.

Ukokotoaji huo hutaka ujumbe mwingi katika mpito mmoja, nao mpito hudumu dakika kumi hivi. Ukipatikana ujumbe wa mara nne au zaidi, mfumo hutoa mahali pamoja na makadirio ya kosa. Daraja bora, la 3, lina kosa chini ya mita 250. Ujumbe ukiwa wa mara tatu au mbili tu, mahali hupewa daraja A au B, yaani pasipo makadirio yoyote, na nukta inaweza kukosea kwa kilomita nyingi. Kasa huinua kichwa kwa muda mfupi mno kisha akazama. Kwa hiyo kasa aliye hai hutoa zaidi A na B. Msomaji alishike hili, maana kisa kizima kinazunguka hapo.

Kumbandika

Timu ilikuwa na vifaa vichache na ililazimika kuchagua: ibandike mwanzoni mwa msimu au mwishoni? Ukibandika mwishoni, betri yote inaenda kwenye safari na malisho. Ukibandika mwanzoni, unajua pia kasa anapumzika wapi kati ya utagaji mmoja na mwingine, maana ndiko boti za watalii na nyavu zinakomkuta. Walichagua mwanzoni, upepo wa kusi ulipoanza. Nakubaliana nao, hifadhi ya ufukwe isiyojua kasa amelala wapi mchana hulinda nusu ya kazi.

Usiku wenyewe ulikwenda vizuri. Walisubiri jike amalize kutaga na kufukia, wakamzungushia boksi la mbao lisilo na kitako, taa nyekundu tu. Gamba lilikwanguliwa uchafu wa bahari, likapigwa msasa, likapanguswa kwa asetoni, ndipo kifaa kikaganda kwa epoksi na kupakwa rangi ya kuzuia viumbe wasiote juu yake. Kabla ya alfajiri alikuwa majini. Kamati ya kijiji cha ufukwe ule ilishiriki kila hatua, na watoto wa skuli walipewa anwani ya ramani ili wamfuate kwenye simu za wazee wao.

Kwenye kifaa palibandikwa lebo ndogo kwa Kiingereza: anwani ya barua pepe, na ahadi ya zawadi kwa atakayekirudisha.

Safari

Kati ya mataga hakwenda mbali. Nukta zilirundikana kilomita chache kutoka ufukweni. Alipanda tena kwa wakati wake, kisha tena. Baadaye nukta zikaanza kupanda kaskazini. Wakati wa kusi mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini kwa nguvu, na kasa alikwenda nao, akavuka hadi Pemba na kuingia kwenye maji mafupi ya upande wa magharibi, penye majani mengi ya bahari. Akatulia hapo.

Mfadhili hakufurahi sana. Kasa waliobandikwa vifaa Komoro na Mayotte wamewahi kufuatiliwa hadi pwani ya Afrika Mashariki, na katika vikao vya kuomba fedha ramani ya namna hiyo ndiyo inayopendeza, mstari mrefu unaokata bahari. Huyu alikwenda safari ambayo boti ya abiria huimaliza kwa saa chache. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa. Kasa anayetaga Unguja na kula Pemba ni kasa wa serikali moja, wa sheria moja, na wavuvi wanaoweza kuitwa kwenye kikao kimoja.

Ramani inanyamaza

Siku moja nukta mpya hazikuja. Siku ya pili vilevile. Mratibu alisubiri wiki, kisha akaandika kwenye rasimu ya ripoti sentensi ambayo miradi mingi huiandika: mawimbi yamekatika, huenda kifaa kimeharibika au kimebanduka.

Kumbe mawimbi yalikuwa yanakuja kila siku. Programu ya ramani ilikuwa na kichujio kinachofuta nukta zinazoangukia nchi kavu, na kichujio hicho kina sababu yake: pwani ya magharibi ya Pemba imejaa vihori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na visiwa, na nukta ya daraja B humpandisha kasa juu ya mikarafuu kila mara. Mwanafunzi aliyekuwa akijitolea, kwa udadisi tu, alifungua jedwali ghafi kabla ya kuchujwa. Alikuta safu baada ya safu za daraja la 3, zote mahali pamoja, ndani ya kijiji, mbali na mstari wa maji kujaa. Joto la kifaa lilipanda adhuhuri kupita joto lolote ambalo bahari yetu hulifikia. Na usiku, kuanzia magharibi mpaka asubuhi, kimya.

Nukta kuwa nzuri ghafla ndiyo iliyokuwa ishara ya msiba. Kifaa kilichokaa juani hakizami, kwa hiyo kinatuma bila kukatizwa, na setilaiti inapata ujumbe wa kutosha kila inapopita. Kasa hai hatoi daraja la 3 siku nzima. Kingekuwa kimebanduka na kutupwa ufukweni, kisingelikuwa mbali na maji, wala kisingelilala usiku. Mtu alikuwa nacho.

Mabishano

Timu iligawanyika. Mfadhili aliandika kutaka kifaa chake, na akapendekeza polisi. Kuua kasa Zanzibar ni kosa kisheria, na afisa uvuvi wa wilaya alikuwa mshirika wa mradi. Kumficha habari kungekuwa kumsaliti. Mratibu aliogopa jambo jingine: kijana mmoja akitiwa pingu kwa sababu ya kifaa, kifaa kinachofuata kitafungwa jiwe na kuzamishwa, na mradi hautajua kitu tena.

Waliamua hivi. Afisa aarifiwe siku hiyohiyo kwa maandishi. Aombwe asije kwanza, ila amtangulize sheha. Timu iende na watu wawili tu, mmoja wao awe mvuvi mstaafu wa Pemba anayejulikana kwenye madiko yale, fukwe ambapo wavuvi huteremsha samaki. Lengo la safari liandikwe kabla: kujua kasa alikufa wapi na kwa nyavu gani, na pili kurudisha kifaa. Mpangilio huo wa malengo ulimuudhi mfadhili, na ulikuwa sahihi.

Mabishano yalichukua siku nzima, na jioni ndipo mama mmoja wa kamati ya ufukwe, aliyeitwa kwa ajili ya chai tu nadhani, akauliza: "Na nyama je? Nani kaila?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, kisiwani Panza, hukohuko Pemba, walifariki tisa, wanane kati yao watoto. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, haina dawa inayoiondoa mwilini, na mtoto anayenyonya anaweza kuipata kwa maziwa ya mama aliyekula. Simu kwa sheha ilipigwa baada ya swali lile, usiku. Sheha alituma watu kupita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa ameugua. Nyama ilikuwa imeliwa siku nyingi nyuma, na vipande vilivyokaushwa vilikusanywa vikafukiwa.

Kwenye diko

Kikao kilifanyika chini ya mkungu, baada ya sala ya laasiri. Sheha alianza bila kuzunguka:

"Mmekuja kutafuta kidude au kumtafuta mtu?"

"Kidude, sheha," alijibu mvuvi mstaafu. "Na tujue kasa kafia wapi. Mtu hatumtaki."

Ilipita kimya kirefu, watu wakitazamana, kisha nahodha mmoja wa makamo akainuka, akaenda kwake, akarudi na kifaa kimefungwa kwenye kanga. Chini yake kulikuwa na kipande cha gamba kilichokatwa kwa panga kuzunguka epoksi. Alisema walimkuta kasa kashakufa ndani ya jarife lao, wavu wa kutega chini. Sina njia ya kulithibitisha hilo wala kulikanusha. Jarife huachwa usiku kucha, na kasa aliyenaswa akipapatika hamalizi usiku bila pumzi.

"Kwa nini hukukitupa?" aliulizwa.

"Nilidhani kamera ya serikali. Nikasema, kama kinatazama, basi kitaniona nakitupa."

Diko zima lilicheka, na kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa mengine. Usiku alikuwa akikifungia sandukuni, chini ya bati. Mchana mkewe alikitoa uani kwa sababu hakutaka kikae chumba kimoja na watoto. Ndiyo siri ya ule ukimya wa kila usiku.

Kisha akafanya jambo ambalo jedwali la setilaiti lisingeliweza. Alichora kwa kijiti kwenye mchanga mdomo wa hori, mkondo wake na bustani ya majani ndani. Maji yakijaa, kasa huingia kula. Yakitoka, hutoka nayo. Jarife hutegwa mdomoni wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa mpole, maana wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, mkondo hulipindua. Nukta za A na B zilikuwa zimetawanyika kila upande wa hori lile, na hakuna mchanganuzi ambaye angeuona mlango. Wazee watatu walisahihisha mchoro wake, wakabishana kuhusu kisiwa kimoja cha mchanga, wakakubaliana.

Matokeo

Kifaa kilirudi kikiwa kizima. Ripoti ilibadilishwa: badala ya kifaa kuharibika, iliandikwa kwamba kasa alikufa katika jarife, mahali panajulikana, wakati wa maji mafu. Mabaharia wa shehia ile walikubaliana kutotega mdomoni mwa hori katika miezi ya kusi. Wenyeji walishika ahadi kwa msimu uliofuata. Wavuvi wa dago, wanaokuja kupiga kambi kwa majuma machache na kuondoka, hawakuwa kwenye kikao na hawakuishika.

Zawadi ilizua utata. Lebo iliahidi, mfadhili alikataa kulipa kwa kasa aliyechinjwa. Mwishowe nahodha alilipwa gharama ya siku aliyopoteza, kupitia kamati, mbele ya watu. Sioni kwamba lilikuwa suluhisho. Ahadi iliyoandikwa kwenye kifaa haikuweka sharti la kasa kuwa hai, na watu wa pwani huhesabu maneno kama wanavyohesabu samaki mnadani. Lakini kulipa kamili nako kungemfundisha mtu kwamba kasa mwenye kidude ana bei kuliko asiye nacho. Jambo hili linapaswa kuamuliwa kabla lebo haijachapishwa.

Uchambuzi

Kushindwa kubaya zaidi katika faili hili ni ile siku nzima ya kubishana kifaa huku nyama ikiwa kijijini, na mwisho mwema haulifuti. Timu ilikuwa imejaa watu wanaojua sumu ya kasa. Wengine wao walikuwa wamewahi kuhutubia wanakijiji kuhusu Panza. Walikuwa wanatazama nukta, na nukta ilikuwa inasema "kifaa kiko hapa", kwa hiyo wakafikiri kuhusu kifaa. Mradi wowote unaofuatilia kasa Pemba unahitaji kanuni isiyojadiliwa: kifaa kikisoma nchi kavu, simu ya kwanza ni kwa sheha na kituo cha afya, kabla ya barua pepe kwa yeyote.

Kichujio ni somo la pili, na linawahusu wachanganuzi zaidi kuliko walinzi. Kufuta nukta za nchi kavu kunafaa unapotafuta malisho. Hakufai kabisa unapotaka kujua kasa wanakufaje, maana kifo cha mkononi mwa binadamu huonekana hasa kama nukta nzuri za nchi kavu. Miradi ikichuja kwa namna ileile na kuandika "mawimbi yamekatika", nyavu zitaendelea kuonekana hazina hatia katika hesabu zetu. Jedwali ghafi la siku za mwisho lisomwe na mtu, kwa macho, kila mara. Kasa huyu alibebeshwa kifaa ili aonyeshe malisho, akaonyesha njia ya kufia, na hilo la pili ndilo lililobadilisha kitu majini.

Kwenda kwa sheha kulifaulu, na sababu yake si upole. Walikwenda na mtu anayejua diko, wakasema mapema hawatafuti mshitakiwa, na wakashika neno lao mbele ya mashahidi. Bila hayo wangepata kifaa, pengine. Mchoro wa mchangani wasingelipata. Ila gharama ililipwa na afisa uvuvi, aliyebaki na kosa mezani na barua yenye tarehe inayothibitisha alilijua. Hakuna aliyemuuliza kabla kama angeweza kubeba hilo.

Maandalizi ya jamii yalifanyika sehemu moja tu, kwenye ufukwe wa kutagia. Utetezi wa timu ni kwamba hakuna aliyejua kasa ataelekea wapi. Ni kweli nusu. Mara tu nukta zilipotulia kwenye hori lile, timu ilijua, na ilikuwa na muda wa kutosha wa kufika kwenye madiko ya pale na kusema: kuna kasa hapa, ana hiki mgongoni, hakipigi picha, ukikiona piga namba hii. Badala yake ramani ilikuwa wazi mtandaoni kwa kila mtu, ikionyesha kasa yupo wapi karibu muda uleule. Waliokuwa hawajaambiwa kitu ni wale waliokuwa wakitega pale. Sasa ramani ya hadhara inacheleweshwa kwa wiki kadhaa na nukta zake zimefifishwa.

Lebo mpya ni ya Kiswahili, ina namba ya simu, mchoro wa kasa, na maneno mawili: si kamera. Wa dago bado hawajafikiwa. Pendekezo lililopo ni kuwakuta wanapoomba ruhusa kwa sheha kabla ya kupiga kambi, na linasubiri kamati za shehia tatu zikubaliane nani atakayebeba kazi hiyo. Afisa uvuvi, nilipomuuliza kama angeruhusu tena utaratibu ule wa kumtanguliza sheha, alisema safari ile aliukubali kwa sababu aliombwa siku hiyohiyo na kwa maandishi, na kwamba kwa kasa wa pili hawezi kuahidi.